Krosi ya Propela Inapoanza Kufa Ukiwa Mbali: Uendelee, Uifungue, Uibadilishe au Uvutwe?

Krosi ya propela ni kiungo chenye umbo la msalaba kwenye ncha ya propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, yaani gia zilizo katikati ya ekseli. Dalili ya kwanza ya krosi inayokufa ni mlio mwembamba, kama wa ndege mdogo, unaosikika vizuri gari linapopita polepole kando ya ukuta na kupotea mwendo unapoongezeka. Baada yake huja kishindo kifupi kila unapotoka gia ya mbele kwenda ya nyuma au unapoachia klachi, na mwishowe mtetemo unaopanda kutoka sakafuni hadi kwenye kiti na kukua kadiri unavyokanyaga mafuta. Dereva aliye karibu na nyumbani hupeleka gari gereji kesho yake. Aliye mbali ana njia tano mbele yake: kuendelea polepole, kufungua propela na kutumia ekseli iliyobaki, kubadilisha krosi kwa mikono yake mwenyewe, kumwita fundi amfuate alipo, au kuvutwa. Nazilinganisha hapa kwa msimamo mmoja ambao sitauficha: umbali uliobaki si kipimo cha kuchagulia. Vipimo ni viwili tu, nacho cha kwanza ni kama krosi inacheza, na cha pili ni krosi ipi inayocheza.

Kwanza lala chini ya gari

Masikio hudanganya. Mlio huohuo unaweza kutoka kwenye beringi ya katikati ya propela, kwenye bushi za springi, hata kwenye bamba la breki lililolegea, na kishindo kinaweza kuwa cha difu iliyochakaa. Kwa hiyo simamisha gari mahali tambarare nje ya njia, weka pembetatu za kuakisi, zima injini, zuia magurudumu mbele na nyuma kwa mawe au magogo, na hapo tu ndipo uweke gia huru na kuachia breki ya mkono. Propela isiyoachiwa hubaki na mkazo, na krosi yenye mkazo huficha ubovu wake.

Shika propela kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili shika yoki (uma wa chuma unaoshika krosi) iliyo ng'ambo ya krosi, kisha zungusha mikono hiyo kinyume. Propela na yoki zikizunguka kidogo kwa pamoja, huo ni uwazi wa kawaida wa meno ya difu na ya giaboksi, na hauna neno. Mkono mmoja ukienda na mwingine ukabaki, hata kama ni kwa upana wa ukucha, basi sindano (viroli vyembamba vya beringi) zilizo ndani ya kikombe kinachofunika ncha ya krosi zimekwisha. Krosi iliyo nzima haichezi kabisa. Hakuna kiasi cha kucheza ambacho fundi makini atakuambia kinavumilika. Rudia jaribio hilo kwa kuisukuma propela juu na chini, halafu mulika midomo ya vikombe vyote vinne kwa tochi. Unga mwekundu wa kutu kuzunguka kikombe kimoja maana yake ni kwamba grisi ilikwisha humo siku nyingi na chuma kinasagana na chuma.

Baada ya kujua kwamba inacheza, jiulize ni ipi. Krosi ya mwisho wa nyuma, iliyo karibu na difu, ikikatika huangusha mkia wa propela, ambao huburuzwa barabarani kwa kelele na cheche huku ukipigapiga chasisi. Ni jambo baya, lakini gari kwa kawaida hubaki kwenye njia yake. Krosi ya mwisho wa mbele ikikatika gari likiwa kwenye mwendo, ncha ya propela hushuka ikielekea mbele, na ikikuta shimo au tuta huchimba ardhi na kulisukuma gari juu kama mtu anayeruka kwa ufito. Pia iko karibu na sakafu ya kebini, mabomba ya breki na tangi la mafuta. Ndiyo maana krosi ya mbele inayocheza, kwangu mimi, huondoa njia ya kwanza katika orodha bila mjadala.

Kuendelea polepole, ukilinganisha na kufungua propela

Njia hizi mbili ndizo ambazo madereva huzipima zaidi, kwa sababu zote hazihitaji kipuri, nazo hutofautiana kuliko zinavyoonekana.

Kuendelea polepole kuna mantiki yake. Chukua gari lenye tairi la kipenyo cha sentimita 75 na difu ya uwiano wa 4.1: kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa propela huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika, na kwenye kilomita 40 huzunguka kama mara 1,150 tu. Nguvu ya kutupa nje inayotokana na propela iliyohama katikati yake hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kushuka kutoka 100 hadi 40 hakupunguzi nguvu hiyo kwa zaidi kidogo ya nusu, bali huiacha ikiwa takriban moja ya sita. Huo ni unafuu wa kweli. Ukishusha mzigo, ukaanza kuondoka kwa klachi ya taratibu, ukaepuka kupanda mlima kwa gia kubwa na mafuta mengi, na ukasimama kila baada ya kilomita chache kushika vikombe kwa mkono, krosi inayolia tu bila kucheza inaweza kukufikisha. Kama ina nipeli (chuchu ya kupitishia grisi), bomba la grisi ni dawa ya kwanza: sukuma grisi hadi ile mpya itokee kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kimoja kikikataa kutoa grisi, hicho ndicho mgonjwa, na njia yake ya grisi imeziba.

Kasoro ya njia hii ni kwamba haina alama ya mwisho. Krosi inayolia inaweza kwenda siku nyingi, na inayocheza inaweza kukatika kwenye tuta linalofuata, na mtetemo unaouzoea hatua kwa hatua hauwezi tena kukuonya. Wakati huohuo unaharibu vitu ambavyo havikuwa vibovu: sili ya mkia wa giaboksi, beringi ya pinioni kwenye difu na beringi ya katikati ya propela. Krosi ni kipuri kidogo, ilhali difu si kitu kidogo.

Kufungua propela na kuendelea na ekseli nyingine huonekana kama jambo la kishujaa, kumbe mara nyingi ndiyo njia salama kuliko zote kwa mwenye pikapu inayovutwa na magurudumu yote manne. Ukitoa propela ya nyuma iliyoharibika, ukafunga habu za mbele (vitovu vya magurudumu) na kuingiza transfa, giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, kwenye gia ya magurudumu manne ya mwendo wa juu, gari litavutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Onyo tulilozoea la kutotumia magurudumu manne kwenye lami kavu halina kazi hapa, kwa kuwa ekseli mbili haziwezi kushindana wakati moja imekatwa. Kama gari lako huvuta magurudumu manne wakati wote, ni lazima ufunge difu ya katikati, la sivyo nguvu yote itamiminikia kwenye upande usio na propela na gari halitasogea hata hatua moja. Kama iliyoharibika ni propela ya mbele, kazi ni nyepesi zaidi: itoe, na uendeshe kwa ya nyuma, ukikumbuka difu ya katikati kwa aina hiyo hiyo ya gari. Mifumo inayoendeshwa kwa kompyuta au kwa kiungo cha kimiminika cha kunata haipendi hila hii, na kitabu cha gari ndicho kinachopaswa kuulizwa kwanza.

Zipo hadhari tatu, na moja imewahi kuua watu. Kwenye magari kama Land Rover Defender za zamani na malori mengi ya Kijapani ya ukubwa wa kati, ngoma ya breki ya mkono imefungwa nyuma ya giaboksi au ya transfa, si kwenye magurudumu. Breki hiyo hushika propela, na propela ndiyo inayoshika magurudumu ya nyuma. Ukiitoa propela, breki ya mkono inaweza kuvutwa hadi mwisho na lori likateremka mlima vilevile, tena juu ya mtu aliyelala chini yake. Hata kuacha gari kwenye gia hakusaidii ikiwa hakuna propela iliyobaki ya kuunganisha giaboksi na tairi. Mawe hayatoki chini ya magurudumu mpaka dereva awe ameketi na mguu uko kwenye breki.

Hadhari ya pili ni mafuta. Propela iliyofungwa kwa flanji (sahani ya chuma yenye matundu ya boliti) na boliti pande zote mbili hutoka bila kumwaga kitu, lakini ile inayoingia kwa meno ndani ya mkia wa giaboksi ikichomolewa huacha tundu wazi, na mafuta ya giaboksi hutoka humo. Bila kizibo cha kufaa usiende popote. Ya tatu ni kwamba propela ya vipande viwili hutolewa yote pamoja na beringi yake ya katikati, kwa sababu kipande cha mbele kikiachwa peke yake kitazunguka huku mkia wake ukiwa huru. Shafti za mbele nazo hazikutengenezwa kubeba kazi yote peke yake, kwa hiyo usikate kona kali huku umekanyaga mafuta.

Kwa lori lenye ekseli mbili za nyuma zinazovuta, ulinganisho hubadilika kidogo. Ikiwa krosi iliyokufa ni ya propela fupi inayounganisha difu ya kwanza na ya pili, propela hiyo hutolewa, difuloki (kifungio cha difu) ya kati ya ekseli hufungwa, na lori husogea kwa ekseli ya kwanza peke yake, likiwa tupu au limepunguzwa mzigo, kwa mwendo mdogo, hadi mahali pa kulitengenezea. Ikiwa iliyokufa ni propela kuu, hakuna hila. Faida pekee ni kwamba kwenye lori la breki za upepo, breki ya kuegeshea hufanya kazi kwenye magurudumu yenyewe, na kutoa propela hakuigusi.

Kubadilisha mwenyewe au kumwita fundi

Krosi mpya ikiwa ndani ya boksi la vifaa, mtu mwenye subira anaweza kuifunga kando ya barabara kwa nyundo, koleo la klipu (pete zinazozuia vikombe visitoke), spana za boliti za flanji na soketi mbili: moja ndogo kuliko kikombe ya kusukumia, na moja kubwa kuliko kikombe ya kukipokea upande wa pili. Jiliwa ikikosekana, kibano kikubwa cha skrubu hutosha, na wapo wanaotumia jeki iliyobanwa chini ya chasisi. Kabla ya kulegeza boliti hata moja, chora alama kwa rangi au kwa patasi kwenye propela, kwenye yoki na kwenye flanji, ili kila kitu kirudi kilipokuwa.

Alama hizo si urembo. Kiungo hiki, ambacho nchi nyingi za Ulaya hukiita kwa jina la Gerolamo Cardano wa Italia na Waingereza kwa jina la Robert Hooke, kina tabia ya ajabu: kikipinda, upande unaoendeshwa haupokei mzunguko ulio sawasawa, bali huongeza kasi na kuipunguza mara mbili katika kila mzunguko mmoja. Kwenye pembe ya nyuzi 10 tofauti hiyo ni kama asilimia 1.5 juu na chini. Krosi ya pili, iliyo mwisho mwingine wa propela, huwekwa ili ifute kosa la ya kwanza, na huweza kufanya hivyo endapo tu yoki mbili za propela zimepangwa sambamba. Ukichomoa propela kwenye meno yake na kuirudisha ikiwa imeruka jino, unapata mtetemo mpya kwa krosi mpya, kisha unalaumu kipuri.

Sehemu inayowashinda watu ni ndogo kuliko wanavyotarajia. Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii nje ya gereji, vikombe vitatu viliingia vizuri na klipu zake zikalia "tik" kwenye mifereji yao, ila cha nne kilibaki nje kwa unene wa kucha. Nikaongeza nyundo. Kilichokuwa kimetokea ni kwamba sindano moja, nyembamba kuliko njiti ya kiberiti, ilikuwa imeanguka na kulala chini ya kikombe, na kila pigo langu lilikuwa likiivunja na kuichimbisha kwenye chuma. Kikombe hicho hakikufaa tena, na krosi yote ikawa si kitu. Tangu siku hiyo hupaka grisi ya kutosha ndani ya kikombe ili sindano zisimame ukutani, humwomba msaidizi aingize kidole azihesabu kwa kuzipapasa, na klipu inapokataa kuingia huvitoa vyote na kuanza upya. Tangu siku hiyo pia hubeba krosi mbili.

Krosi ikishaingia, mikono yake lazima ikunjike kwa kusukumwa na vidole, bila kukwama na bila kuanguka yenyewe. Ikiwa ngumu, pigo moja jepesi la nyundo kwenye sikio la yoki, si kwenye kikombe, hukirudisha kikombe kwenye klipu yake na kuilegeza.

Fundi anayekufuata barabarani anakuzidi kwa mambo mawili: mkono uliozoea na, akiwa amejiandaa, jiliwa halisi. Kasoro yake kubwa ni kipimo. Gari la aina moja na mwaka mmoja linaweza kuwa na krosi za saizi tofauti, moja ya propela ya mbele na nyingine ya nyuma, na fundi aliyeambiwa jina la gari tu ana uwezekano mkubwa wa kufika na isiyoingia. Mpe kipenyo cha kikombe na upana kutoka uso wa kikombe kimoja hadi uso wa kile kinachotazamana nacho, kwa milimita, na umweleze kama klipu ziko nje ya sikio la yoki au ndani yake. Picha ya krosi ikiwa kando ya rula hufanya kazi nzuri kuliko maelezo marefu.

Yapo mambo mawili ambayo ningemkatalia fundi yeyote, hata giza likiwa linaingia. Moja ni kuchomelea kikombe kwenye yoki kwa sababu tundu lake limepanuka. Tundu likipanuka, krosi mpya haina pa kushika, na kinachohitajika ni yoki au propela nyingine. La pili ni kupasha yoki moto hadi iwe nyekundu ili kikombe kitoke, maana chuma kilichopashwa hivyo hupoteza ugumu wake na huweza kupinda kidogo kiasi cha kutosha kuharibu usawa wa propela.

Ukilinganisha njia hizi mbili kwa haki, kubadilisha mwenyewe ni bora pale ambapo krosi ni ya aina ya klipu za nje, una kipuri cha saizi sahihi, na mahali ulipo ni salama kufanya kazi kwa saa mbili au tatu. Kwa lori zito, ambalo propela yake peke yake inaweza kumvunja mtu mguu ikianguka, na kwa krosi zilizofungwa kiwandani kwa plastiki au kwa kukunja chuma badala ya klipu, mwite fundi au uvutwe.

Kuvutwa

Hii ndiyo njia ghali, na pia ndiyo isiyohitaji maelezo mengi, isipokuwa kosa moja linalofanywa na watu wenye nia njema. Gari likivutwa huku magurudumu yanayoendeshwa yakigusa barabara, propela huzungusha shafti ya nje ya giaboksi wakati injini imezimwa, na kwenye giaboksi nyingi mafuta hayarushwi juu ya gia zinazozunguka. Kilomita chache za namna hiyo hugeuza tatizo la krosi kuwa tatizo la giaboksi. Toa propela kabla ya kuvutwa, au kwenye lori toa hafu-shafti (shafti zinazotoka kwenye difu hadi magurudumu) za magurudumu yanayoendesha na uzibe habu, au gari libebwe zima juu ya trela. Krosi ikiwa imekwisha kukatika na propela imeshaanguka, au boliti za flanji zikiwa zimelegea na matundu yake yamechakaa, kuvutwa si chaguo tena bali ndiyo njia iliyobaki.

Krosi ya kununua

Dukani utakuta za aina mbili. Zenye nipeli zina njia za grisi zilizotobolewa ndani ya mwili wake, jambo linaloupunguzia chuma kidogo nguvu, lakini husafishwa kila unapopiga grisi, na hii ni faida kubwa kwa gari linalopita kwenye maji, matope na vumbi. Zilizofungwa moja kwa moja, zisizo na nipeli, ni ngumu zaidi na sili zake huzuia uchafu vizuri, ila zikianza kukauka huna la kuzifanya. Kwa gari ambalo mwenyewe analipiga grisi kila baada ya huduma, nachagua ya nipeli bila kusita, na huifunga nipeli ikitazama upande ambao bomba litafika. Kwa gari linaloendeshwa na watu wengi ambao hakuna hata mmoja anayejiona ndiye mwenye jukumu la grisi, iliyofungwa itadumu zaidi.

Baada ya kufunga aina yoyote, endesha kama kilomita 50, simama, weka mawe, rudi chini ya gari na spana ya boliti za flanji, kisha gusa vikombe vinne kimoja kimoja kwa mgongo wa kiganja. Joto la kawaida linavumilika. Kikombe kimoja kikiwa moto kuliko wenzake kiasi cha kukufanya uondoe mkono, kikombe hicho kimebana kupita kiasi au ndani yake kuna sindano iliyolala.